Mama Sagesse kwenye Kioo

Annonciata alipulizia dawa kioo cha televisheni ya mapokezi, akafuta alama za vidole vya watu kwenye mdomo wa sura yake mwenyewe iliyokuwa ikionyeshwa humo. Sura ile ya kwenye kioo ilikuwa inalia.

Kampuni anayoifagilia hapa Birmingham huhifadhi na kurusha video za kampuni nyingine, nayo inakua kama magugu. Ilipotaka video ya kuwaonyesha wateja kwamba kwake picha hazikwami, Kibet, mkuu wa mauzo, Mkenya anayesali kanisa moja na Annonciata, alimketisha mfagiaji huyo mbele ya kamera. "Toa tu ushuhuda, Mama Sagesse. Sema kama kanisani."

Naye akasema kama kanisani. Kwao Wakongomani ushuhuda hautolewi nusunusu, na unachowaambia waumini hubaki kwa waumini. Kina mama wa kanisa walijua miaka yote, wala hakuna aliyemgusia mtoto. Akasema mpaka habari za askari walioingia nyumbani kule Uvira, na kwamba mmoja wao ndiye baba wa binti yake, Sagesse. Sagesse anaamini baba yake alikuwa mwalimu, akafa kwa malaria.

"Ndugu Kibet, mutoe ile video. Mtoto wangu ataiona."

"Aki Mama Sagesse, haiwezekani. Hiyo ndiyo watu wanatazama hadi mwisho! Imetuletea wateja wakubwa. Na ulisaini."

"Nilifikiri ni ya Mungu."

"Basi Mungu anaitumia," akacheka, meno yote nje. Ptuu! Mtu wa kushikana naye mikono kwa maombi kila Jumapili.

Jioni hiyo walifungua ghorofa mpya, sherehe ikafanyika pale mapokezi. Kibet akaongeza sauti ya televisheni. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya uso wa Annonciata, na mkurugenzi akajifuta machozi kwa karatasi, kisha akakata keki.

Sagesse alikuwa amesahau ufunguo wa nyumba, akapita kuchukua wa mama yake. Mama yake alimwona amesimama mlangoni, begi la chuo begani, macho kwenye kioo. Akakimbia, akaufunika uso ule kwa viganja viwili. Sauti ikaendelea, safi, bila kukwama hata kidogo.

Binti huyu humjibu mama yake kwa Kiingereza siku zote. Sasa akauliza kwa Kiswahili, "Mama, askari gani?"

"Mama Sagesse," Kibet akaita, sahani ya keki mkononi, "sogea kidogo basi. Wageni hawaoni."