Kaseti Isiyotaka Maelezo

Usiku wa jana niliota shemeji yangu Mwadime ameniteua tena, na hata usingizini nilichoka.

Tangu kaunti ifungwe kwa ajili ya korona, grupu la familia la WhatsApp limejaa majalada ya albamu za muziki. Masharti: siku kumi, albamu kumi unazozipenda, picha tu bila maelezo, kisha umteue mwenzako. Mwadime ameniteua mara nne. Mimi nina kaseti moja ya rumba. Zamani dada yangu Wakesho aliziba kwa karatasi lile tundu lake la juu linalozuia kurekodi likiwa wazi, akabonyeza kitufe chekundu ajirekodi akiimba, na mama akaita kutoka jikoni. Mama ameshafariki. Sauti yake iko hapo tu, kwenye wimbo wa mwisho wa upande B, na sijathubutu kuisikiliza.

Ndotoni nathubutu. Naichukua kaseti, nakuta imevaa barakoa.

"Upande B umekaa karantini siku ngapi?" inaniuliza.

Najibu miaka ishirini na sita. Inataka cheti. Kisha inanieleza kwamba kila wimbo sasa unakaa mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo wimbo wa mwisho uko mbali, mjini Mariakani. Nasema nyimbo ni sita, hesabu haifiki Mariakani. Hakuna anayenisikiliza.

Sebule inakuwa kizuizi cha barabarani, jua kali. Zamu ni ya chupa ya sanitaiza yenye kofia ya polisi. Naanza kuieleza habari za mama.

"Bila maelezo," inasema. "Picha tu."

"Sauti haina picha, afande."

"Basi mteue mtu."

Kwa hasira namteua Mwadime. Nilikosea. Anatokea nyuma ya chupa amebeba redio kaseti, anainyakua kaseti yangu, anaitia ndani.

"Shemeji, tundu limezibwa, inarekodika," anasema. "Nasoma majina ya albamu zangu kumi tu. Dakika tatu."

Kidole chake kiko juu ya kitufe chekundu.

"Hapo ndipo alipo mama," nasema, na chupa inanibandika selotepu mdomoni kwa kosa la kutoa maelezo.

Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo, wala kuogopa hivyo. Nafungua kifuniko, naichomoa kaseti, naichokoa ile karatasi kwa ukucha mpaka inatoka. Nairudisha. Mwadime anabonyeza. Kitufe chekundu kinagoma. Anabonyeza tena, anaangalia redio, ananiangalia mimi. Chupa inasoma masharti upya na haioni palipokatazwa kuchokoa.

Nabonyeza kile cha kucheza. Gitaa, Wakesho akiimba vibaya, kisha jikoni.

"Mghoi, epua maharagwe yanaungua."

Siku ile nilinuna, sikujibu. Selotepu inabanduka yenyewe.

"Naja, mama," nasema.

Nikaamka kumekucha, ngumi imekaza mpaka inauma. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari kilichosokotwa, chenye nusu ya jina la Wakesho kwa mwandiko wake wa shule. Nikaenda kabatini. Kaseti ilikuwa mahali pake, tundu wazi.

Kwenye simu, Mwadime alikuwa ameniteua mara ya tano. Nikaipiga picha ile karatasi, nikaituma kwenye grupu bila maelezo.