Kigoda cha Iseppo

Jumatano hiyo Orsola Fantinel aliufuta mji wa Santa Dorotea kabla ya chakula cha mchana. Haikuwa kazi ngumu. Alichukua kikwanguo, akaparura herufi moja moja kwenye bamba la ramani mpaka shaba ikabaki tupu, akasugua kwa mkaa na mafuta, akapangusa. Kikabaki kibonde. Kibonde hakiachwi, maana kitashika wino, na kwenye karatasi patatokea ziwa ambalo halipo. Kwa hiyo aliligeuza bamba kifudifudi juu ya fuawe, akaupiga mgongo wake kwa nyundo ndogo mpaka kibonde kikapanda, kikalingana na shaba ya pembeni. Mara tatu, anapumzika. Mara tatu, anapumzika.

Mwaka wa ishirini na mbili sasa alikuwa katika karakana ya Bwana Gasparo Trevelin, hapa hapa Venezia, akichonga majina kwenye ramani za Amerika, na hata Padova hajawahi kufika. Mito aliihamisha. Kisiwa cha California alikiunganisha na bara kwa alasiri moja, na hakuna mtu aliyekuja kulalamika.

Ila Santa Dorotea ilimkaa kooni. Mdogo wake Iseppo, bruda wa Wajesuiti, alikuwa anaishi huko mwaka wa tisa, akiwaundia Waguarani, wenyeji wa huko Amerika, vinanda vya kanisa. Wafalme wawili walikuwa wamepeana ile nchi mezani, watu wakaamriwa wahame, na balozi aliyeagiza ramani hakutaka kuona mji mahali ambapo yeye alishasema hapana mtu.

"Bwana Gasparo, hapo anaishi mdogo wangu," Orsola alimwambia mwenye karakana.

"Anaishi kwake, haishi kwenye shaba yangu. Kwangua, mama, tusicheleweshane."

Naye akakwangua. Moyo ulimuuma, lakini mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumkosesha raha baadaye.

Jioni hiyo hiyo alikuwa nyumbani anapakua ugali na dagaa wa vitunguu pale Iseppo alipoingia. Matope mekundu ya huko Amerika yalimfika magotini.

"Dada, bado unatia siki yote hiyo? Nimeisikia tangu darajani."

"Umekonda, Iseppo."

"Nimetembea."

Akaizunguka meza mara moja, akaizunguka tena.

"Kaa basi ule, jamani. Unanitia kizunguzungu."

"Ningekaa, dada. Sina mahali."

Orsola akamsogezea kigoda cha marehemu baba yao. Iseppo akainama akae, na kigoda kikawa kando kidogo. Wakajaribu tena, kikawa kando upande wa pili. Miguu yake yenyewe haikusimama hata sekunde. Mwishowe dada mtu akamkatia kipande cha ugali, akampa mkononi, naye akala akizunguka. Miaka tisa Orsola alikuwa akisubiri kumwona mdogo wake amekaa pale, wanakula wote wawili, wanagombana juu ya siki. Sasa mtu mwenyewe yupo, na hakai.

Nje, watu mia nne wa Santa Dorotea walikuwa wanakizunguka kisima cha uwanjani. Walikuwa na vikapu, vinubi, watoto migongoni na ng'ombe mmoja mwenye kengele. Bibi kizee mmoja, Eulalia, alikuwa ameshika ufunguo wa kanisa. Betta, jirani, alitoa kichwa dirishani.

"Orsola! Hawa wako?"

"Wa Iseppo."

"Waambie basi wazungukie upande wa pili! Vumbi lote linaishia kwenye shuka zangu!"

Waliambiwa, wakageuza, wakaomba radhi. Tangu hapo mtaa ulizoea. Mwoka mikate alisimama mlangoni asubuhi akigawa, kila apitaye anachukua chake bila kusimama. Padre aliwaungamisha akitembea nao ubavuni, na kwa kuwa alikuwa mnene, toba zao zilikuwa fupi. Watoto walijifunza kulala wakitembea. Viatu ndivyo vilivyoleta taabu: viliisha vyote ndani ya juma moja, kisha mawe yakaanza kuwala nyayo, na wachota maji wakawa wanaosha damu ukingoni mwa kisima kabla ya kuteremsha ndoo.

Orsola hakutulia tena. Akichonga, mguu wake ulikuwa unapigapiga chini ya meza. Alijaribu kuurudisha mji pale pale ulipokuwa, kwa herufi ndogo mno, lakini Bwana Gasparo alipitia kila nakala ya majaribio kwa kioo cha kukuzia, na ulirudi umezungushiwa wino mwekundu. Akaukwangua mara ya pili. Shaba ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, haivumilii tena ncha ya chuma.

Siku ya kumi na moja alitoka akatembea na mdogo wake kukizunguka kisima.

"Tulisikia mtu anapiga nyundo," Iseppo alisema. "Kutoka chini ya ardhi, asubuhi nzima. Vigae vikaanguka. Kinanda kikalia chenyewe."

"Iseppo. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mara tatu, halafu kimya. Nani mwingine anapiga hivyo? Ulikuwa unavunja lozi hivyo hivyo tangu tuko wadogo."

"Na hukuniambia kitu!"

"Nilikuwa natafuta pa kusimama kwanza, dada. Nikukasirikie vizuri."

Orsola alilia pale pale uwanjani, kwa sauti, huku anatembea. Betta akafunga dirisha kwa heshima.

Kesho yake Bwana Gasparo ndiye aliyemwita. Hakuwa na hasira na wageni, mtu mwema kwa namna yake, lakini nyayo zao zilitikisa mashine ya kuchapia, na mto Amazoni ulikuwa unatoka na kingo mbilimbili. Akaweka kidole kwenye kona ya chini ya bamba, mahali palipoachwa kwa ajili ya pambo la jina la ramani.

"Balozi anataka ngao ya ukoo wake hapa, imebebwa na Wahindi wa Amerika. Waweke. Si wanataka mahali? Hapo watasimama mpaka wachoke. Wavike manyoya kichwani."

"Hawavai manyoya, bwana. Wanavaa mashati ya pamba. Jumapili wanavaa viatu."

"Sasa mnunuzi atajuaje kama ni Amerika?"

Orsola alikaa akachonga. Kona ilitosha watu sita wenye umbo. Wale wengine aliwaweka kwenye mistari ya kivuli chini ya ngao, mtu mmoja mstari mmoja, wamebanana bega kwa bega. Kila alipomaliza mmoja, uwanjani nyayo zilipungua. Ng'ombe alikaa nyuma ya ua la pambo. Eulalia alisimama wa tano, ufunguo mkononi, na Bwana Gasparo akaamuru ufunguo ugeuzwe mkuki.

Iseppo alikuwa wa mwisho. Orsola alimwekea kigoda. Alikichonga kwa subira, miguu yake mitatu, hata ufa wa kile cha baba, na juu yake akamkalisha mdogo wake na sahani magotini. Uwanja ukanyamaza. Orsola akainama juu ya bamba, akamwona amekaa. Alikuwa amekaa kabisa, miguu ameinyoosha. Furaha iliyompanda ilimfanya acheke peke yake.

Bwana Gasparo alipitisha kioo chake.

"Huyu mvivu ni nani? Ngao imelalia upande wake. Atasema nini balozi, ukoo wake umepinda? Msimamishe, abebe kama wenzake. Na manyoya yake yako wapi?"

"Bwana, huyo ni mdogo wangu."

"Vizuri, basi unamjua kimo chake. Leo jioni bamba linakwenda kwenye mashine."

Orsola aliangalia mlango, akaangalia meza. Hakukuwa na ramani nyingine, wala karakana nyingine ambayo ingemchukua mwanamke. Akachukua kikwanguo. Akaondoa sahani, akaondoa kigoda, akasugua kwa mkaa na mafuta. Kikabaki kibonde. Akaligeuza bamba kifudifudi juu ya fuawe.

Alijaribu kupiga mara nne mfululizo, mdundo usio wake. Mkono ulikataa. Mara tatu, akapumzika. Mara tatu, akapumzika, ili angalau Iseppo ajue ni nani anayepiga.

Ramani ilitoka nzuri. Wanunuzi walisifu jinsi Wahindi walivyoonekana kama wako hai, na mahali pa Santa Dorotea karatasi ilikuwa nyeupe, safi kabisa. Mmoja wa Wahindi hao, wa kushoto, mwenye manyoya mapya, alikuwa amekunja magoti kidogo, kama mtu aliyeambiwa akae halafu akaitwa. Orsola alirudi nyumbani, akapakua ugali wa watu wawili, akatia siki kidogo. Alikula amesimama.