Sherehe ya Taa Katika Giza la Mwezi

Darasa la jioni la watu wazima hapa Rumonge, mji wa wavuvi ufukweni mwa ziwa, hukutana katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na huanza kwa sala. Mwezi wa tisa mwalimu Bienfait, mtu wa Kivu ya Kusini, aliwaambia wanafunzi wake kwamba tarehe ishirini na moja ya mwezi wa kumi ni kumbukumbu ya ampuli ya umeme, ile taa ya kioo ya Edison. Alitaka darasa lifanye sherehe ndogo, familia zialikwe, na mwanafunzi mmoja asome ukurasa mbele ya wageni.

"Mama Yudita atasoma," alisema.

Yudita alikuwa amepita miaka hamsini. Aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania hakujua kuandika hata jina lake. Mumewe, Silvano, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, hakuwahi kumsikia akisoma mstari mmoja. Alizoea kusema kwamba darasa ni mahali pa kupumzisha miguu. Yudita alitaka jambo moja tu: asome, na Silvano awe ameketi pale anasikia.

Aliitafuta tarehe kwenye kalenda ya ukutani, akaipata bila msaada, akamshukuru Mungu. Kosa lake lilikuwa hapo. Mke wa mvuvi hapangi shughuli kwa kalenda, hupanga kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala hawafuati taa, mitumbwi hukaa mchangani, na arusi na ubatizo hufanyika wakati huo. Mwezi ukipotea, wanaume wote wako ziwani.

"Siku hiyo iko giza kabisa," Silvano alisema alipoambiwa.

"Baba Eliana, ni jioni moja tu."

"Jioni ya giza! Mama Eliana, umesoma mpaka umesahau mwezi. Mimi nisiyejua hata a, mwezi ninauona bila miwani."

Yudita alikwenda kwa mwalimu kuomba sherehe isogezwe.

"Mama, kumbukumbu haisogezwi," Bienfait alijibu. "Na Krismasi utaisogeza kwa sababu ya ndagala?"

"Krismasi ikiwa giza, wanaume wanatuachia watoto na wanaenda."

Darasa lilicheka, hata mwalimu. Lakini wageni walikuwa wamekwisha alikwa, na tarehe ikabaki.

Yudita alisali siku kadhaa. Hakuomba mwezi ubadilike, maana aliona hiyo ni kumjaribu Mungu. Aliomba aonyeshwe la kufanya.

Siku yenyewe, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, alivaa kitenge chake cha kanisani, akateremka ufukweni na ukurasa wake. Silvano na wenzake walikuwa wakifunga taa za betri kwenye miti ya mtumbwi, wakiziwasha moja moja kuzijaribu. Moja ilikataa kuwaka, na safari ilikuwa imechelewa.

"Amahoro, mama! Umekuja kuvua na kitenge hicho?" aliuliza Assumani, mwenye mtumbwi.

"Nimekuja kusoma."

"Basi soma upesi, ndagala hawajui Kiswahili."

Silvano hakugeuka. Alikuwa ameshika waya kwa meno. Yudita alisali kimya, akaanza. Alisoma kwamba watu wengi walijaribu kutengeneza taa ya umeme, na kwamba nyingi zilizimika upesi. Alikwama kwenye neno "maabara", akarudi nyuma, akalivuka. Wavuvi waliacha mizaha. Alisoma kuhusu uzi wa pamba uliochomwa ukawa mkaa, ukafungiwa ndani ya kioo.

"Taa hiyo iliwaka kwa..."

Taa ya Silvano ikawaka. Assumani akavuta kamba ya injini, na sauti ya Yudita ikamezwa. Mtumbwi ukasukumwa. Silvano aliruka ndani.

Yudita alipofika kanisani, wageni walikuwa wameketi. Mwalimu alikuwa amengoja, kisha akampa nafasi mwanafunzi mwingine, Clever, mkamuaji wa mawese wa kijiji cha Kizuka. Clever alisoma ukurasa wote bila kukwama, watu wakapiga makofi. Yudita alipiga makofi pia, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, nilikuweka wa kwanza," Bienfait alimwambia baadaye. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma, mwalimu. Murakoze, asante."

Asubuhi alikwenda ufukweni kuchukua ndagala wa kuanika. Silvano alimwaga samaki kwenye beseni, akanawa mikono, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi.

"Ile taa ya mzungu," alisema. "Iliwaka masaa mangapi?"

"Zaidi ya kumi na tatu."

Silvano alihesabu kwa vidole.

"Basi ingetufikisha asubuhi. Leta hiyo karatasi, usome pale injini iliponikatia."

Karatasi alikuwa ameiacha nyumbani. Yudita aliacha beseni mchangani, akaenda kuichukua.