Je, Imemtosha Vizuri?

Ukoo mzima ulimwita Mshauri, na nusu ya waliomwita hivyo walikuwa wanamtania. Binti huyo aliacha kazi ya ofisini akatangaza kwamba sasa atakuwa mshauri wa mitandao ya kijamii, mtu wa kusimamia kurasa za wafanyabiashara wasio na muda wala hamu ya kukaa na simu. Mama yake akauliza kama hiyo ni kazi, au ni kuchezea simu kwa jina refu. Mshauri akajibu kuwa ni kazi, tena vifaa vyake vyote amevipata bure mtandaoni. Hapo ndipo alipojivuna zaidi. Programu moja ilimpangia matangazo ya wiki nzima yakawa yanajitoa yenyewe. Nyingine ilimgawia saa zake za kazi na kumpigia kelele akizubaa. Ya tatu ilijibu wateja huku yeye anaoga. Wenzake walilipia programu kama hizo, naye aliwaona hawajui kutafuta.

Wateja wake walikuwa wachache: dada mmoja muuza nguo za watoto, mwoka keki mmoja, na baba yake mdogo, fundi seremala. Huyu wa mwisho hakuomba ushauri wowote. Mshauri ndiye aliyemfungulia ukurasa, akapiga picha vitanda na makabati, na mwishoni kabisa, kama mtu anayenong'ona, akaweka na majeneza, maana ndiyo yaliyomlisha fundi vitanda visipotoka.

Ile programu ya kujibu wateja ilikuwa na sharti lake. Asiyelipa aliruhusiwa kuandika maneno ya aina moja tu, yakatumika kwenye kurasa zake zote. Mteja akiandika, programu inampokea. Wiki ikipita, inamrudia yenyewe kumuuliza kama ameridhika. Mshauri aliyaandika maneno yale akimfikiria yule dada wa nguo. Sharti alilisoma, wala asisingizie kwamba hakulielewa. Aliona wazi kuwa maneno ya magauni yatawafikia na wanunuzi wa majeneza, akajiambia atalishughulikia baadaye. Kwanza nani atamwandikia seremala mtandaoni? Kisha akalisahau, maana kusahau nako ni bure.

Asubuhi moja alifungua ukurasa wa baba mdogo ili aone makabati yamependwa na wangapi, akakuta mazungumzo asiyoyajua. Aliyeandika alikuwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, mwenye cherehani yake barazani. Ujumbe wake wa kwanza Mshauri aliukumbuka: aliuliza kama fundi anaweza kutengeneza jeneza dogo, la mtoto wa miaka minne. Siku ile Mshauri alimpa baba mdogo namba ya simu ya mshonaji, akaendelea na shughuli zake. Lakini chini ya ujumbe ule sasa palikuwa na mengine.

"Habari mpendwa! Wiki imepita tangu utuagize. Je, imemtosha vizuri? Tuambie, tunapenda kujua!" Pembeni palichorwa maputo ya rangi rangi.

Na mshonaji alikuwa amejibu. "Limemtosha. Tuliogopa miguu kwa sababu alirefuka sana mwaka huu, lakini ililala sawa. Fundi aliacha nafasi upande wa kichwa, mama yake akaweka kimto chake. Asante kwa kuuliza."

Papo hapo programu ikampokea: "Tumefurahi sana kusikia hivyo! Safari ijayo mlete na rafiki, wote mpate punguzo!"

Ujumbe ulionyesha kuwa umesomwa. Mshonaji hakuandika tena.

Aibu ilimpanda Mshauri mpaka masikio yakawaka. Aliifunika simu mezani, akaifunua, akasoma upya. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila alikaa ghorofa ya pili, ardhi yenyewe ilikuwa mbali. Akafikiri kufuta. Angefuta kwake, kwa mshonaji yangebaki. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaanza kuandika msamaha, "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza," akasoma, akaona ni programu ile ile inaongea, safari hii kwa mkono wake. Akafuta. Akavaa viatu akaenda kwa baba mdogo.

Baba mdogo alizima msumeno wa umeme, akapangusa maranda kwenye kiti ili mwanawe akae. Mshauri hakukaa. Alimsomea yote akiwa amesimama, mpaka lile la punguzo.

"Nani aliyemuuliza hivyo?" fundi akauliza.

"Mashine, baba mdogo. Inajiendesha yenyewe."

"Na huu msumeno wangu ukimkata mtu kidole, nikamwambie mkewe umejiendesha?"

Mshauri akaifunga simu.

"Twende wote basi," akasema. "Unisaidie kuongea."

"Nikienda nitakutetea, mwanangu. Nakujua, na mimi najijua. Nenda mwenyewe."

Njiani alijipangia maneno. Yalikuwa mazuri, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa mazuri kwake yeye na mabaya kwa mwenye msiba. Alipofika kwenye ile baraza yote yalikuwa yameyeyuka.

Mshonaji alikuwa anapinda suruali ya mtu. Alimtazama, mguu ukaacha kukanyaga.

"Wewe si wa kwa fundi seremala?"

"Ndiyo, kaka. Shikamoo." Hawakupishana umri kiasi cha kuamkiana hivyo, lakini ndilo neno lililomtoka. "Mimi ndiye ninayesimamia ukurasa wake."

"Kumbe ni wewe uliyeuliza."

Hakulisema kwa hasira. Hapo Mshauri alifunguliwa mlango mpana: angesema ndiyo, angeshukuriwa, angerudi nyumbani. Ulimi uliujaribu mlango ule. Akapiga moyo konde.

"Sikuuliza mimi, kaka. Iliuliza programu. Maneno yalikuwa ya duka la nguo za watoto. Nilijua yatafika mpaka kwenu, nikapuuza."

Mshonaji akakata uzi kwa meno, akaikunja ile suruali taratibu kana kwamba mwenyewe amesimama anaisubiri.

"Nilijua," akasema. "Ulipoingia ule wa kuleta rafiki, nikajua. Lakini nilikuwa nimeshajibu."

"Nisamehe, kaka."

"Watu wanakuja hapa, wanatoa pole, halafu wanaongelea mvua. Siwalaumu. Ila hakuna aliyeuliza. Nilipouona ule ujumbe nilifurahi, nikaandika haraka haraka, nikamwita na mama yake nikamsomea. Halafu ukaja ule mwingine." Akaiweka suruali pembeni. "Mimi ndiye niliyeona haya, dada. Mtu mzima mzima, naieleza mashine habari za miguu ya mwanangu."

Mshauri alijua kuona haya kwake mwenyewe tangu asubuhi. Kumwona mwingine amebebeshwa sehemu ya haya yake, hilo halikuwa kwenye hesabu.

"Ule wa pili sikumsomea mke wangu," mshonaji akaendelea, sauti ameishusha. "Yeye anajua aliuliza mtu."

Pazia la mlango likasogea, mkewe akatoka na beseni la nguo mbichi. Akasimama kumtazama mgeni.

"Nani huyu?"

Mshonaji aliinamia cherehani yake, akawa anatafuta tundu la sindano.

"Ndiye aliyeuliza," akasema.

Mama akaliweka beseni chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akaja akaushika mkono wa Mshauri kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa bado ya baridi kwa maji.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Wewe peke yako." Akamvuta wakae kwenye benchi. "Alikuwa amerefuka, ujue. Ngoja nikueleze."

Mshauri hakuthubutu kuutoa mkono. Akakaa.