Kona ya Baba na Kiti cha Mama

Baba, dereva wa treni mstaafu, alikuwa amebakiwa na jaribio moja. Treni yake ndogo ya kuchezea yenye mabehewa marefu, aliyoijengea reli juu ya mbao sebuleni, ilikuwa ikipinduka kila kona, na Mama, fundi cherehani, alishatoa hukumu: "Ikianguka tena leo, mbao zako zote zinatoka sebuleni kwangu."

"Kona ni kali mno," Baba aliniambia. "Tuipanue."

Ili tuchore duara pana zaidi, akafunga kamba kwenye mguu wa kiti alichokalia Mama, akaninong'oneza kwamba humu ndani hakuna kitu kizito zaidi.

"Nimekusikia," Mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

Nikashika ncha ya pili ya kamba pamoja na chaki, nikachora pole pole juu ya ubao. Baba alinifuata hatua kwa hatua akisimamia kazi, na kila alipomzibia Mama mwanga wa dirisha, Mama alisogeza kiti kidogo. Tulipogundua, mchoro haukuwa duara tena. Ulianza umenyooka, ukapinda taratibu kama mtu anayeomba radhi.

Muda wa kufuta haukuwepo. Tukapanga reli hivyo hivyo. Treni ikaingia kona, nikafumba macho kwa huruma, ikatokea upande wa pili bila hata kutikisika.

Baba akapitisha kidole kwenye mpindo ule wa taratibu, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai.

"Mke wangu, kesho unaweza kushonea upande ule? Imebaki kona moja."

"Na cherehani ataibeba nani?"

Wote wawili wakanitazama.