Kuku au Miguu

...sifuri, kwani nani aliyeiandika pale kwenye jedwali la gharama kama si mimi mwenyewe, mwezi uliopita, mbiombio, wahudumu wa kujitolea, gharama sifuri, na sasa mkurugenzi ameianika ukutani kwa tarakimu kubwa, anasema, "Kwa kila kaya, mradi wetu wa kuku ni nusu ya gharama ya kuwatumia watu pesa kwenye simu," na mfadhili anaitikia kwa kichwa, anauliza kama tunaweza kuupeleka wilaya kumi zaidi, kumi, mama yangu, na mimi namwona mama mdogo, mhudumu wetu, Jumanne asubuhi akifunika cherehani yake, wateja wawili mlangoni wameshika vitambaa vya sare, anawaambia, "Kesho, wanangu, leo nazunguka," nyumba kumi na mbili za waliopewa kuku, kwa miguu, Jumanne na Ijumaa, miaka miwili, mpaka wateja wa kesho wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili, na nilipomuuliza mbona hudai chochote akacheka, "We mwanangu na hesabu zako, kutembea nako kuna bei?"... kuna, mama mdogo, ila sijui ni ngapi, nihesabu nguo ambazo hukushona, au ujira wa kibarua, au nini, maana nikijaza pale kwenye sifuri mradi unapanda bei, pesa za simu zinashinda, mfadhili anafunga mkoba, na mama mdogo anaupenda mradi huu kama mboni ya jicho, nitamtazamaje usoni... "...tena kwa ubora uleule," mkurugenzi anaendelea, ubora upi, subiri kwanza, maana yule mjane wa nyumba ya mwisho anaingia kichwani bila hodi, nilimhoji mwenyewe, kuku wangapi, akasema wamekufa wote, ugonjwa, ndani ya wiki moja, lakini watoto walikuwa shuleni wote watatu na genge la nyanya limejaa pale mlangoni, nikaandika amefanikiwa, nikafungua ukurasa mwingine, sikuuliza imekuwaje, mjinga mimi, akanifuata mpaka nje, "Kuku walikwisha, mwanangu, ila yule fundi cherehani hakuacha kuja, ndiye aliyenisukuma nifungue genge"... kumbe, basi kilichomwinua ni kuku au ni miguu, na kama ni miguu, wilaya kumi tutazipelekea kuku, miguu tutaipata wapi kwa bei ya bure, au labda pesa za simu pamoja na mtu wa kubisha hodi zingeshinda vyote, sijui, mjane mmoja si ushahidi, mmoja ni simulizi tu, lakini kule kabatini kuna madodoso mia nne, kila moja lina tarehe za ziara na idadi ya kuku waliobaki, na hakuna aliyewahi kuyapanga, waliofiwa na kuku wakatembelewa huku, waliobaki na kuku wakasahauliwa kule, wiki tatu zingetosha, mbili nisipolala... "Mtakwimu, una la kuongeza kabla hatujatia saini?" wote wamenigeukia, kidole cha mkurugenzi bado kiko ukutani, na moyo unanidunda, nilidhani ni woga, si woga, nataka kujua, hata kama jibu litauzika mradi, hata kama mama mdogo ataninunia mwaka mzima, jamani nataka kujua, na mdomo wangu huo unafunguka...