Alhamisi, Kwenye Redio ya Zahanati

Kila Alhamisi asubuhi Bahiya alikwenda zahanati na mwanawe Dhadho akiwa amefungwa kamba kiunoni. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa Bahiya. Iha, mhudumu wa zahanati, aliwasogezea benchi, akaunganisha redio ya mawasiliano na betri, akamwita Hulda, mshauri wa mambo ya hofu na malezi aliyekuwa Mombasa.

"Mama Dhadho, wiki hii maji yalifika wapi? Ova."

"Magotini, dada. Ova."

Maji hayo yaliingia nyumbani kwa Bahiya tu. Yalianza baada ya mafuriko ya Elnino, yaliyomchukua Amina, binti yake mkubwa. Watu walisema ni hofu yake inayoyaita. Yalijaa chumbani mpaka kitanda kikaelea, yakaishia kizingitini, na uani vumbi likabaki vumbi. Jirani yake Dama alipokosa kitoweo alipiga hodi kuuliza kama kuna kambare chini ya kitanda, na mara nyingi alikuwepo.

Redio ile haikuwa na siri. Kila mwenye chombo cha redio katika vijiji vya kando ya mto, kuanzia Wenje hadi Ozi, aliisikia, na barabara zilivyoharibika watu hawakuwa na starehe nyingine. Hulda akiuliza kama mtoto analala vizuri, mzee wa Wenje alidakia: "Mwimbie, mama. Mimi watoto yangu yote naimbia, inalala. Ova." Mama mmoja wa Ozi alimkumbusha kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bahiya alichukia. Methali ni ya wote, lakini aliyeumwa alikuwa yeye.

Hulda hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfundisha kuvuta pumzi hadi tumboni na kuitoa polepole, kutaja kwa sauti vitu anavyoviona, na kuirefusha kamba kidogo kila wiki. Januari shule ingefunguliwa, na Dhadho asingeweza kuanza darasa la kwanza mama yake akiwa ameshika ncha ya pili. Mtoto mwenyewe alikwisha kuuliza kama mwalimu ataikubali kamba. Bahiya alilia siku ile.

Alifanya kila alichoambiwa. Maji hayakupungua. Hulda akamwomba basi aangalie yanakuja wakati gani.

Alhamisi iliyofuata Bahiya alikuwa na jibu.

"Yanakuja trekta ya shamba la mpunga ikiongeza tuta la kuzuia mto, kule juu. Hata nikiwa nacheka, yanakuja. Ni hilo tuta lilitusukumia mto ile siku ya Amina. Mimi si mgonjwa, dada. Ova."

Kule shambani pia walikuwa na chombo. Mwanamume mmoja wa huko akaongea, tena kwa upole kabisa.

"Mama, pole sana kwa mtoto. Lakini laini hii ni ya mambo ya afya. Ova."

Wote wakamsubiri Hulda. Alisikika akikohoa.

"Turudi kwenye pumzi, Mama Dhadho. Ova."

Bahiya aliinuka, akamshika Dhadho mkono. Iha alichomoa waya wa betri na kuanza kupanga chupa za dawa zilizokwisha kupangwa.

Jioni ile trekta iliponguruma na maji yakaingia, Bahiya hakupanda kitandani. Alimlaza Dhadho juu ya maji, akamshikilia tumbo kwa kiganja. "Piga miguu," alisema. "Usininywee mto wote." Walifanya hivyo kila maji yalipokuja. Kufikia Krismasi mtoto alikuwa akiogelea kutoka kitandani hadi mlangoni, akigeuka na kurudi, kamba ikimfuata nyuma.

Siku shule ilipofunguliwa, Bahiya aliifungua ile kamba na kuitundika kwenye msumari. Mkono wake ulibaki umekunjwa kana kwamba bado umeishika.

"Nikianguka mtoni?" Dhadho aliuliza.

"Utapiga miguu."

Akaondoka mbio, hata kwaheri hakusema.

Hakuwa amefika mbali trekta ilipowaka. Bahiya alipandisha godoro juu ya boriti, akasimama katikati ya chumba. Maji yakaingia. Alivuta pumzi hadi tumboni kama alivyofundishwa, akaitoa polepole, akataja vitu alivyoviona: msumari, kamba, mlango. Maji yalipomfika kifuani, zoezi likawa gumu kidogo.